Kamera Isiyo na Kioo Katika Mafunzo ya Ualimu: Kupiga, Kuchagua na Kuhariri Picha za Kufundishia

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuwaeleza wakufunzi wenzetu jinsi tulivyofundisha matumizi ya kamera ya kidijitali isiyo na kioo, lenzi zake na programu za kuhariri picha, kwa wanachuo wanaojiandaa kufundisha katika shule za msingi. Kazi yenyewe tuliifanya Iwawa, makao makuu ya Wilaya ya Makete, na katika vijiji vya jirani.

Hatukuianza kwa sababu ya kupenda upigaji picha. Tuliianza kwa sababu ya upungufu wa zana. Mtoto wa Makete huzaliwa na kukulia kati ya viazi mviringo, ngano, pareto na misindano. Lakini picha nyingi anazoonyeshwa darasani ni za mimea ya nchi za joto la pwani, au za mashamba ya ng'ambo. Mwalimu anayetaka kumwonyesha mmea wa kwao hana budi kuichora picha hiyo au kuipiga mwenyewe. Kuchora tumekuwa tukifundisha tangu zamani. Kupiga picha hatukuwa tukifundisha, kwa kudhani kwamba kila kijana mwenye simu amekwisha kujua.

Dhana hiyo haikuwa sahihi. Wanachuo wetu walijua kubonyeza. Hawakujua kwa nini picha moja hutoka vizuri na nyingine hutoka vibaya. Zaidi ya hayo, wala wao wala sisi hatukuwa tumefikiri barabara juu ya swali kubwa zaidi: picha ya kufundishia inapohaririwa, ni wapi hariri inapokoma na uongo unapoanza? Swali hilo tulilifikia kwa njia ya kosa letu wenyewe, ambalo tutalieleza hapa bila kulificha.

Picha kama ushahidi

Kabla ya kuwapa wanachuo kamera, huwasimulia habari moja ya kweli iliyotokea katika milima hii hii. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Rungwe na Livingstone walimwona kima ambaye hakuwamo katika kitabu chochote cha elimu ya wanyama. Wenyeji walikwisha kumjua na kumwita kipunji. Mwaka 2004 watafiti wengine walimwona kima wa namna hiyo hiyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 habari zake zilitangazwa katika jarida la Science. Hakuna mnyama hata mmoja aliyeuawa ili apelekwe makumbusho. Kielelezo rasmi kilichotegemewa kilikuwa picha. Baadhi ya wataalamu walihoji jambo hilo, wakitaka kujua kama picha inaweza kushika nafasi ya mwili wa mnyama. Baadaye alipatikana kipunji mmoja aliyekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili wake uliotangazwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923.

Baada ya habari hiyo huwauliza wanachuo maswali mawili. La kwanza: kama mpiga picha angaliongeza rangi ya manyoya ili kima apendeze, wataalamu wangaliamua nini? La pili: kama angaliufuta mkia kwa sababu umeziba tawi zuri, je, lingekuwa kosa la sanaa au kosa la elimu? Majadiliano huwa makali, na mwishowe darasa zima hukubaliana kwamba picha ya kufundishia ni ndugu wa kielelezo cha maabara. Inayo wajibu ule ule.

Madhumuni ya mafunzo

Mwishoni mwa mafunzo haya mwanachuo anatazamiwa aweze:
(a) kueleza jinsi kamera isiyo na kioo inavyofanya kazi;
(b) kupima mwanga kwa kutumia tundu la lenzi, kasi ya shata na kiwango cha ISO;
(c) kuchagua lenzi inayofaa kwa kazi aliyo nayo;
(d) kutunza kamera katika baridi, ukungu na vumbi;
(e) kuhariri picha bila kubadili ukweli wake, na kuandika alichokifanya;
(f) kuheshimu haki ya mtu au mahali panapopigwa picha.

Zana tulizokuwa nazo

Tulikuwa na kamera moja yenye kihisi cha ukubwa unaoitwa APS-C, lenzi moja ya kuvuta ya milimita 16 hadi 50, lenzi moja kuukuu ya milimita 50 inayozungushwa kwa mkono, iliyoungwa kwa pete ya kuunganishia, pete tupu za kurefushia lenzi kwa ajili ya vitu vidogo, tripodi moja, betri mbili, na kompyuta mpakato mbili. Wanachuo walikuwa 40. Tuliwagawa katika makundi 8 ya watu 5, na kila kundi likapewa ruhusa ya kupiga picha 36 tu kwa zoezi zima.

Idadi hiyo ya 36 hatukuichagua hivi hivi. Ndiyo iliyokuwa idadi ya picha katika mkanda mrefu wa filamu ya milimita 35. Kadi ya kumbukumbu ya siku hizi hupokea maelfu ya picha, na kwa sababu hiyo mwanachuo hubonyeza kwanza akafikiri baadaye. Alipojua kwamba kundi lake lina picha 36 tu, kila mmoja alianza kutazama kabla ya kubonyeza.

Hatua ya kwanza: kuifahamu kamera

Kamera kubwa za zamani za lenzi moja zilikuwa na kioo kilichosimama kwa mshazari nyuma ya lenzi. Kioo hicho kiliupeleka mwanga juu, hadi kwenye jicho la mpiga picha. Alipobonyeza, kioo kiliinuka, shata ikafunguka, na mwanga ukaifikia filamu, au kihisi katika kamera za kidijitali. Katika kamera isiyo na kioo mwanga hukifikia kihisi moja kwa moja wakati wote, na kihisi ndicho kinachopeleka taswira kwenye kioo cha nyuma au kwenye kitazamio kidogo cha kielektroniki.

Kamera za namna hii zenye lenzi za kubadilishwa zilianza kuenea baada ya Panasonic kutoa Lumix G1 mwaka 2008. Mwaka 2013 Sony ilitoa kamera ya aina hiyo yenye kihisi kinacholingana na fremu ya filamu, yaani milimita 36 kwa 24. Na mwaka 2018 Nikon na Canon nazo zikaingia katika njia hiyo. Kwa kuwa kioo kimeondolewa, lenzi imesogea karibu na kihisi. Kwa mfano, katika kamera za Nikon za zamani umbali kutoka ukingo wa lenzi hadi filamu ulikuwa milimita 46.5; katika mfumo wao mpya ni milimita 16. Nafasi iliyobaki ndiyo inayowezesha kuweka pete ya kuunganishia na kutumia lenzi kuukuu. Kwa chuo chenye fedha kidogo jambo hili lina maana kubwa, maana lenzi ya zamani hupatikana kwa bei nafuu kuliko mpya.

Kwa upande wa ufundishaji, faida kubwa ni kwamba mwanachuo huona athari ya uamuzi wake kabla hajabonyeza. Akifungua tundu, taswira hung'aa mbele ya macho yake. Akiongeza kasi ya shata, hufifia. Mwalimu hana haja ya kusubiri picha isafishwe ndipo aeleze kosa. Hata hivyo tuliona hatari moja. Nje, kwenye jua kali, kioo cha nyuma huonekana cheusi, na mwanachuo hudhani kwamba picha haina mwanga. Ndani ya darasa lenye kiza kioo hicho hicho huonekana kinang'aa mno. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tuliwazoeza kusoma histogramu, yaani mchoro unaoonyesha ni sehemu ngapi za picha zilizo nyeusi, za wastani na nyeupe. Mchoro ukibanana kwenye ukingo wa kulia, weupe umepotea na hautarudi.

Hatua ya pili: kupima mwanga

Mambo matatu huamua mwanga wa picha: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao shata imefunguka, na kiwango cha ISO. Tulilifundisha jambo hili kwa hesabu, kwa kuwa wanachuo watakuwa walimu wa hesabu pia.

Namba ya tundu hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye f/4, kipenyo ni 50 gawanya kwa 4, yaani milimita 12.5. Ikiwekwa kwenye f/8, kipenyo ni milimita 6.25. Kipenyo kimekuwa nusu; je, mwanga umekuwa nusu? Wengi hujibu ndiyo. Hapo huwataka wachore duara mbili ubaoni na kukokotoa eneo la kila moja, nao huona wenyewe kwamba eneo limekuwa robo. Kwa hiyo kati ya f/4 na f/8 zipo hatua mbili za mwanga, na f/5.6 imekaa katikati.

Baada ya hapo mwanachuo huelewa kwa nini vipimo vitatu vifuatavyo huleta mwanga ule ule, ISO ikiwa 400:
f/5.6 kwa sekunde 1/250;
f/8 kwa sekunde 1/125;
f/11 kwa sekunde 1/60.

Mwanga ni mmoja, lakini picha si moja. Kwenye f/5.6 ua huonekana wazi na majani ya nyuma hufifia. Kwenye f/11 sehemu kubwa zaidi ya mbele na nyuma huonekana wazi, lakini upepo ukivuma ua hutikisika na picha kuchakaa. Mwalimu anayetaka kuonyesha sehemu za ua atachagua tofauti na yule anayetaka kuonyesha mahali ua linapoota. Hakuna kipimo kilicho bora peke yake. Kipo kinachofaa madhumuni ya somo.

Kuhusu ISO tulisema kwa maneno machache: kuipandisha hakuongezi mwanga unaoingia, huikuza ishara iliyokwisha kupokelewa, na uchafu wake hukuzwa pamoja nayo. Heri picha yenye chembechembe kuliko picha iliyotikisika, kwa sababu chembechembe huweza kupunguzwa, lakini mtikisiko hauponi.

Hatua ya tatu: kuchagua lenzi

Kihisi cha APS-C ni kidogo kuliko fremu ya milimita 36 kwa 24, kwa hiyo hukata kingo za taswira. Lenzi ya milimita 50 juu yake huona eneo dogo kama ambavyo lenzi ya milimita 75 ingeona kwenye kihisi kikubwa. Ile ya 16 huona kama ya 24. Urefu wa lenzi wenyewe haukubadilika. Kilichopungua ni eneo linalopokea taswira.

Zoezi letu lilikuwa hili. Mwanachuo mmoja alisimama mita kumi mbele ya bweni. Kundi lilimpiga picha kwa milimita 16 kutoka umbali wa mita moja, kisha kwa milimita 50 kutoka umbali wa mita tatu hivi, ili uso uwe na ukubwa ule ule katika picha zote mbili. Katika picha ya kwanza pua ilionekana kubwa na bweni likaonekana mbali sana; katika ya pili uso ulikuwa wa kawaida na bweni limesogea karibu. Wanachuo walicheka, lakini somo likawaingia: mahali unaposimama ndipo panapoamua uhusiano wa vitu katika picha, na lenzi huamua ni kiasi gani cha mandhari kitakachoingia. Kutokana na zoezi hilo, wakatuuliza kama picha ya darasa lililojaa wanafunzi iliyopigwa kwa lenzi ndefu inaweza kumfanya mtazamaji adhani watoto wamebanana kuliko ilivyo. Jibu ni ndiyo. Hata kabla ya kugusa kompyuta, mpiga picha amekwisha kusema jambo.

Lenzi kuukuu ya kuzungushwa kwa mkono tuliitumia pamoja na pete za kurefushia kwa kupiga wadudu, mbegu na chavua. Kamera isiyo na kioo humsaidia sana mwanafunzi hapa, kwa sababu anaweza kuikuza sehemu moja ya taswira kwenye kitazamio hadi aone kama imekaa sawa.

Hatua ya nne: utunzaji katika baridi na ukungu

Vitabu vya maelekezo vya kamera havikuandikwa kwa ajili ya Juni na Julai za Makete. Tumejifunza haya kwa vitendo.

Betri hupungua nguvu haraka wakati wa baridi, na kamera isiyo na kioo hutumia umeme wakati wote kwa kuwa kihisi na kioo cha nyuma havipumziki. Betri ya akiba iwekwe katika mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kamera izimwe mtu anapotembea.

Kamera iliyotoka nje alfajiri isiingizwe jikoni au katika chumba chenye moto wa mkaa ikiwa wazi. Mvuke wa chumba hugeuka maji juu ya lenzi baridi na hata ndani yake. Ifungwe katika mfuko wa nailoni ikiwa bado nje, iingizwe ndani, na isifunguliwe mpaka ipate joto la chumba.

Lenzi inapobadilishwa, kihisi hubaki wazi, kwa maana hakuna kioo mbele yake. Mtu auelekeze mgongo wake kwenye upepo, aiinamishe kamera itazame chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Vumbi likiingia, litolewe kwa kipulizo cha mpira. Mwanafunzi asipulize kwa mdomo, kwa sababu mate ni mabaya kuliko vumbi.

Hatua ya tano: kuhariri picha

Kamera inaweza kuhifadhi picha kama faili ghafi au kama JPEG. Faili ghafi la biti 14 hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila nukta. JPEG hubeba ngazi 256 kwa kila rangi. Tofauti hiyo huonekana mtu anapotaka kuangaza kivuli: JPEG hupasuka mistari na madoa mapema, faili ghafi huvumilia. Kwa hiyo tulipiga zote mbili kwa pamoja.

Tulitumia programu zisizolipiwa, yaani darktable kwa faili ghafi na GIMP kwa kazi nyingine. Zikishasakinishwa hazidai intaneti, jambo ambalo ni msaada mahali ambapo mtandao na umeme hukatika. Utaratibu tuliowazoeza wanachuo ni huu: kunakili picha zote mahali pawili kabla ya kufuta chochote kwenye kadi, kuchagua picha 4 kati ya 36, kunyoosha na kukata kingo, kurekebisha mizani ya weupe, kurekebisha mwanga, kunoa kidogo, na mwisho kutoa nakala ya kutumia, asili ikibaki bila kuguswa.

Mizani ya weupe tuliifundisha kwa kuweka karatasi nyeupe kando ya kitu katika picha ya kwanza. Maua ya rangi ya njano na chungwa ya Kniphofia, ambayo hujaza Uwanda wa Kitulo wakati wa mvua, hugeuka ya rangi nyingine kabisa kamera inapokosea kuusoma mwanga wa mawingu. Kurekebisha mpaka karatasi iwe nyeupe ni kuurudisha ukweli. Kuongeza wekundu mpaka ua livutie zaidi kuliko lilivyo ni jambo jingine.

Sasa tueleze kosa letu. Katika mwaka wa kwanza tuliwaambia wanachuo wachague picha na "wazipendezeshe". Mmoja wao alikuwa amepiga jani la kiazi mviringo lililoshikwa na baka jani chelewa, ugonjwa ule ule ulioharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Alikuwa ameligeuza jani ili aonyeshe upande wa chini. Picha ilikuwa nzuri kwa mwanga na kwa mpangilio. Kuzunguka baka jeusi palikuwa na ukungu mweupe mwembamba. Yeye alidhani ni vumbi la lenzi, akaufuta kwa uangalifu mkubwa, nukta baada ya nukta. Sisi wakufunzi tuliitazama kazi yake, tukampa alama za juu.

Picha hiyo ilitumika katika mazoezi ya kufundisha, katika darasa la tano la shule moja ya jirani. Mwalimu mwanafunzi aliwaeleza watoto dalili za ugonjwa kwa kufuata picha. Msichana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, la nyumbani lina weupe huku chini. Mama anautafuta huo weupe asubuhi. Hili halina." Mwalimu mwanafunzi alimjibu kwamba huenda la nyumbani lina ugonjwa mwingine.

Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi. Ukungu ule mweupe, unaoonekana upande wa chini wa jani wakati wa unyevu, ni dalili muhimu ya kuutambua ugonjwa huo. Sisi tulikuwa tumeiondoa dalili, kisha tukamwambia mtoto kwamba macho yake yamekosea. Kama angeyaamini maneno yetu akayapeleka nyumbani, hasara ingekuwa shambani kwa mama yake. Tulirudi katika darasa lile tukiwa na picha ya asili, ambayo kwa bahati ilikuwa haijafutwa, na mwalimu mwanafunzi akamwomba yule msichana awaeleze wenzake.

Tangu hapo tuliacha kabisa neno "pendezesha". Mahali pake tuliweka kanuni zifuatazo.

Yanayoruhusiwa: kunyoosha, kukata kingo zisizo na habari, kurekebisha mwanga na mizani ya weupe kwa picha nzima, kunoa kwa kiasi, kuweka mshale au herufi za kuonyesha sehemu, ilimradi zionekane kuwa zimewekwa.

Yasiyoruhusiwa: kufuta au kuongeza kitu chochote ndani ya picha, kubadili rangi ya sehemu moja peke yake, kuunganisha picha mbili bila kusema, kutumia vifaa vya akili bandia ambavyo hujaza mahali patupu kwa vitu ambavyo kamera haikuviona.

Madoa ya vumbi la kihisi yanaweza kuondolewa kwa sharti moja: mwanachuo aonyeshe doa lile lile, mahali pale pale, katika picha nyingine ya siku hiyo. Vumbi la kihisi halihami. Ukungu wa jani hauwezi kutokea katika picha ya mlima. Kipimo hiki ni rahisi, na kama tungalikuwa nacho mwaka ule, kosa lisingalitokea.

Kila picha huambatana na karatasi ya kumbukumbu yenye mahali kwa jumla, tarehe, vipimo vya kamera, na orodha ya kila kilichofanywa katika kuhariri.

Hatua ya sita: haki ya anayepigwa picha

Makete ni miongoni mwa wilaya zilizoumizwa sana na UKIMWI, na wapo watoto wengi waliokua bila wazazi. Picha ya mtoto mwenye huzuni ni rahisi kuipiga, na watazamaji wa mbali huipenda. Tuliwafundisha wanachuo kwamba maelezo ya picha yasitaje kamwe hali ya afya ya familia ya mtoto wala kumwita yatima, na kwamba mzazi au mlezi aombwe ruhusa kabla, kwa kuelezwa picha itatumiwa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelipa jambo hili nguvu. Lakini hata kabla ya sheria, adabu ilitosha. Mara nyingi picha ya mikono inayofanya kazi hufundisha vilevile kama picha ya uso.

Mahali nako kuna haki. Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, ina aina zipatazo 45 za okidi zinazoota ardhini. Mizizi ya okidi yenye umbo la viazi imekuwa ikichimbwa katika nyanda hizi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Picha yenye taarifa za GPS ndani yake ni ramani mkononi mwa mchimbaji. Kwa hiyo wanachuo hufuta taarifa hizo kabla ya kutoa nakala, na katika maelezo huandika "Uwanda wa Kitulo" bila zaidi. Kadhalika, picha imetuwezesha kuacha desturi ya kung'oa mimea kwa ajili ya darasa. Zamani safari moja ya somo la sayansi ilirudi na furushi la maua yaliyonyauka. Sasa mmea hubaki mahali pake, na darasa hutazama chavua yake iliyokuzwa ukutani.

Upimaji

Kazi ya kila kundi hupimwa kwa alama 50, zikigawanywa hivi: kupima mwanga na ukali wa picha, alama 10, uchaguzi wa lenzi na mahali pa kusimama, 10, karatasi ya kumbukumbu, 10, maelezo ya picha, 5, na somo lililofundishwa kwa kutumia picha hiyo, 15. Kundi ambalo asili ya picha yake haipatikani halipewi alama za karatasi ya kumbukumbu, hata kama nakala ni nzuri kiasi gani.

Matatizo yaliyobaki

Kamera moja kwa watu 40 ni kidogo. Tulipunguza tatizo kwa kuwaacha makundi mengine yafanye mazoezi ya mwanga kwa simu, zile zinazoruhusu kubadili kasi ya shata na ISO. Tundu la lenzi la simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo sehemu hiyo ilibidi wote waingoje kamera. Vifaa kama kadi na betri hatuna budi kuviagiza Njombe au Makambako, na mara nyingine hucheleweshwa. Kuhusu kuhifadhi, diski mbili za nje hazitatosha kwa miaka mingi, nasi bado tunatafuta njia nafuu.

Hitimisho

Mafunzo haya yametuonyesha kwamba ufundi wa kamera huweza kufundishwa kwa vipindi vichache, na kwamba hesabu na fizikia zilizomo ndani yake huwanufaisha walimu hata wasiposhika kamera tena. Uaminifu wa picha ndio unaodai muda mrefu. Katika chumba chetu cha zana tumeziweka ukutani picha mbili za lile jani la kiazi, ya asili na iliyofutwa, bila jina la aliyeipiga. Kila mwaka, katika kipindi cha kwanza, wanachuo wapya hutakiwa kutaja tofauti yake. Wengi huichagua iliyofutwa kuwa ndiyo bora. Hapo ndipo tunapoanza somo.